Asubuhi Niliyompiga Tabitha Picha Elementaita

Asubuhi niliyokwenda Ziwa Elementaita nilikuwa nimepata kemo za saratani tano kati ya nane, na nilikuwa nimeshaamua kwamba ya sita sitaiendea. Sikuwa nimemwambia daktari, wala mume wangu, wala binti yetu Nekesa aliyekuwa chuoni Eldoret. Naandika habari ya siku hiyo kwa ajili ya mtu ambaye ametoka hospitali wiki hii akiwa na mfuko tumboni na karatasi ya tarehe mkononi. Mambo ya dawa zenyewe atayapata kwa wanaoyajua. Mimi nitasema yaliyonipata.

Naitwa Nafula. Nina miaka arobaini na tisa. Babu yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli, na sisi wengine tukazaliwa hapa hapa. Nina studio ndogo ya picha mjini: pasipoti, harusi, mahafali, watoto waliovalishwa suti. Mume wangu, ambaye namwita Baba Nekesa, ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha unga. Ni mtu wa maneno machache. Mimi pia, kwa hivyo nyumba yetu imekuwa na utulivu ambao wageni huuona kama amani.

Ugonjwa ulianza kwa damu chooni. Nilisema ni bawasiri. Nilinunua dawa ya kupaka kwenye duka la dawa, mbali na mtaa wetu ili nisijulikane, nikaitumia karibu mwaka mzima. Nilianza kupungua, na kwenye harusi moja mama wa bibi harusi akaniuliza siri yangu ya kupunguza mwili. Nilimwambia ni kutembea. Basi mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza kunyesha sawasawa, tumbo likafura na kukataa kupitisha chochote, hata hewa. Baba Nekesa alinipeleka hospitali nikiwa nimejikunja kwenye kiti cha nyuma. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo. Nilipopata fahamu, utumbo wangu ulikuwa umeondolewa uvimbe wa saratani, na ncha yake ilikuwa imetolewa nje upande wa kushoto wa tumbo na kufunikwa na mfuko wa plastiki.

Siku tatu sikuutazama. Ya nne, nesi aliyehusika na mambo hayo, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alivuta pazia akasema, "Leo utaangalia. Ukiona vibaya, tutafunika tena."

Niliangalia. Palikuwa na kitu kidogo chekundu, chenye unyevu, kama nyama ya ndani ya shavu. Nesi alisema hivyo hivyo, kwamba ni kama shavu. Alinifundisha kukata tundu kwenye kibandiko kulingana na ukubwa wake, kusafisha kwa maji ya uvuguvugu, kukausha, kubandika, kushikilia kwa kiganja mpaka gundi ipate joto. Alinifundisha kuumwaga mfuko kabla haujajaa hata nusu. Aliniambia kwamba nikimaliza matibabu, huenda utumbo ukarudishwa ndani. Nililishika hilo neno "huenda" nikaenda nalo nyumbani.

Siku niliyotoka hospitali, Baba Nekesa alichukua blanketi lake akaenda kulala chumba cha Nekesa. Alisema asije akanipiga kiwiko usingizini. Nilikubali kwa sababu lilikuwa neno la maana. Wiki mbili zikapita, kisha mwezi, kidonda kikapona, naye hakurudi, nami sikumwita. Alipika. Alifua. Alinipeleka kliniki na kunirudisha. Lakini nilipoingia bafuni kubadilisha mfuko, aliongeza sauti ya redio sebuleni. Mimi niliielewa hiyo redio kwa njia yangu. Dada yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Bungoma kuuliza tunaendeleaje, nilimwambia tunaendelea vizuri, na yeye kila mara akamalizia kwa kusema dawa za hospitali ndizo zinazowamaliza watu.

Kemo ya kwanza ilikuwa katikati ya mwezi wa saba, wakati wa ile baridi ya Nakuru inayoingia mpaka ndani ya viatu. Nilikuwa nimejiandaa kutapika na kunyonyoka nywele. Nywele zilipungua tu kidogo, na kutapika kulidhibitiwa. Lililonishangaza ni baridi. Dawa ile ilifanya kitu cha baridi kiwe kama kina umeme. Nilishika kitasa cha mlango nikaruka. Nilikunywa maji ya mfereji nikahisi nimemeza vipande vya chupa. Baba Nekesa alianza kuacha chupa ya maji moto kando ya kitanda changu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kusubiri ndiko kazi kubwa ya ugonjwa huu, na hakuna anayekuambia. Unafika saa moja asubuhi. Unatolewa damu. Unasubiri majibu ya damu. Unasubiri daktari ayaone. Unasubiri dawa ichanganywe, kisha kiti kipatikane, kisha dripu iishe. Pale tuliposubiri palikuwa na benchi nne za chuma, na mimi nilikuwa nakalia begi langu la nguo kwa sababu ya ubaridi wa chuma. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Mahali pa Tabitha palikuwa kando ya dirisha.

Nilimjua siku ya kemo ya pili. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, mrefu, mwenye kofia ya sufu ya zambarau aliyoifuma mwenyewe. Siku za matibabu alikuwa akikaa kwa binti yake hapa Nakuru. Mimi nilikuwa nimeshikilia kibeti changu mbele ya tumbo kama kawaida yangu. Alinitazama muda mrefu, halafu akasema bila kupunguza sauti, "Wewe, wacha kuufinya na hicho kibeti. Utabanduka."

Nilijifanya sijui anasema nini.

"Mimi niko na wangu mwaka wa tatu," akasema, akipapasa upande wa sweta yake. "Wangu ni wa kudumu. Nimelima nao, nimeenda kanisa nao, nimecheza kwa harusi ya kijana wangu nao. Sogea hapa."

Nikasogea. Alinifundisha mengi ambayo nesi hakuwa na muda wa kuyafikia: kuweka mfuko wa akiba, mkasi na chupa ndogo ya maji popote niendapo, kutokula maharagwe siku ya safari, kuvaa soksi za sufu mikononi kama glavu hazipo. Hakuwahi kuniambia nijipe moyo. Nilimpenda kwa sababu hiyo.

Baada ya kemo ya nne vidole vilikufa ganzi, na safari hii ganzi haikuondoka. Mteja alikuja kupigwa picha ya pasipoti, nikabonyeza mara sita bila kujua kama nimebonyeza. Jioni ya siku hiyo nilifunga studio na kuandika kwenye karatasi kwamba nimesafiri. Daktari alikuwa akiniuliza kila mara, "Vidole viko aje?" Nami nilisema viko sawa. Mwanzo nilidanganya kwa kuogopa kwamba atanikatizia dawa. Baadaye, siku ya kemo ya tano, nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuiacha mwenyewe. Nilifanya hesabu yangu hivi: ugonjwa huu unaweza kuniua au usiniue, lakini dawa hii imeshaninyang'anya kazi, mume yuko chumba kingine, na mwili ninaoutetea hata mimi mwenyewe siutazami. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama kufunga duka ambalo halina wateja.

Siku ile ile ya kemo ya tano, tukiwa kwenye viti, Tabitha aliniuliza, "Nafula, si wewe ni mtu wa picha?"

"Nilikuwa."

"Nipige moja. Ile ya kitambulisho nimekaa kama mtu ameshikwa na polisi. Sitaki watoto waitumie."

"Waitumie wapi?"

Aliivuta kofia yake mpaka kwenye masikio. Yeye hakuwa na dripu siku hiyo. Alikuwa amekuja kuonana na daktari, akapitia kunisalimia, na nilikuwa sijamuuliza kwa nini.

"Vidole vyangu havishiki," nikasema.

"Sijakuuliza habari ya vidole. Nimesema picha. Na nataka ndege nyuma yangu. Miaka yote nikienda Nairobi napita pale juu ya Elementaita naona ule wekundu wa flamingo chini. Sijawahi kushuka."

Nilikubali. Nilijiambia itakuwa picha yangu ya mwisho ya kazi.

Tulikwenda Jumamosi, siku kumi baada ya dripu. Baba Nekesa aliendesha gari. Tulimchukua Tabitha kwa binti yake kabla jua halijatoka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la buluu na sweta nyeupe, na kofia ile ya zambarau. Miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba alivaa patipati. Baba Nekesa alimfungulia mlango wa mbele, akamrudishia kiti nyuma ili anyooshe miguu, akasema, "Karibu, Mama." Ndiyo maneno yote tuliyoyasikia kwake mpaka tukafika.

Getini palikuwa na mlinzi aliyejifunika shuka. "Sasa boss. Sasa mathe," akatusalimia. "Leo mmeamka na ndege. Wako upande wa maji moto. Gari linafika karibu kabisa."

Upande wa kusini wa ziwa kuna mahali ardhi inaingiza mkono majini, na hapo chemchemi za maji moto zinatoka chini ya mawe na kujaza vidimbwi kabla ya kumwagikia ziwani. Ukingo wote ni mweupe kwa magadi. Ng'ambo kuna mlima ule unaofanana na mtu aliyelala chali. Hapakuwa na upepo. Mvuke ulikuwa umelala juu ya vidimbwi, na mbele yake flamingo walikuwa wamesimama kwa mamia, vichwa chini, wakichuja maji bila haraka. Sauti yao ni ya chini, kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla ibada haijaanza.

Niliweka kiti cha kukunja kwa ajili ya Tabitha. Baba Nekesa alibaki kando ya gari, akiwa ameegemea boneti. Kwa karibu saa moja hatukufanya kitu. Nataka kusema hivyo kwa sababu tangu mwezi wa nne sikuwa nimekaa mahali popote bila kusubiri kuitwa jina.

Tulitazama. Ndege mmoja mweusi kwa mweupe, mwenye miguu myekundu myembamba kama vijiti, alipita mbele yetu akihesabu hatua. Bata bukini wawili walikuwa wanagombana na wa tatu. Halafu ndege aina ya mwari wakaja, kumi na mmoja, wakubwa, weupe, wakatua majini kwa kuburuza miguu, wakajipanga mstari na kuanza kuogelea pamoja. Mmoja aliinua kichwa na ule mfuko ulio chini ya mdomo wake ukaning'inia, umejaa maji.

"Huyo naye ana wake," Tabitha akasema.

"Wake uko mahali pa kuonekana."

"Na hajali." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaendelea kutazama.

Nilipotoa kamera kwenye begi, chuma chake kilikuwa kimepata baridi ya asubuhi. Nilivaa glavu, lakini kwa glavu sikuweza kugeuza chochote. Nikazivua. Maumivu yalipanda mpaka kwenye viwiko na nikairudisha kamera kwenye begi haraka. Tabitha aliona.

"Kuna maji moto hapo," akasema. "Weka mikono."

Nilichutama kwenye kidimbwi kilichokuwa karibu na kuzamisha mikono mpaka kwenye vifundo. Maji yalikuwa na joto la kuogeshea mtoto. Ule umeme ukatoka, taratibu, kidole baada ya kidole. Ganzi ilibaki, lakini maumivu yaliondoka. Nikiwa bado nimechutama, nimempa mgongo, nikamwambia. Labda ilikuwa rahisi kwa sababu sikuwa namwona uso.

"Ya sita siendi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Flamingo walisogea kidogo, wote pamoja, kama kitambaa kilichovutwa.

"Wewe unataka kuiacha dawa," Tabitha akasema. "Mimi dawa imeniacha. Daktari aliniambia siku ile, kwamba wameacha kuniwekea kwa sababu haifanyi kazi tena. Watanipa tu ya maumivu. Sikuambii urudi, Nafula. Mwili ni wako. Nakuambia tu hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukivichanganya utakosea hesabu."

Nilikausha mikono kwenye sketi.

"Sasa nipige picha," akasema, "kabla jua halijanikunja uso."

Nilitafuta njia. Kidole cha shahada hakikuwa na habari yoyote, lakini kiungo cha kidole gumba bado kilikuwa na uhai kidogo. Niliishika kamera kwa namna ya ajabu, mkono wa kulia ukiwa umepinda juu yake, nikabonyeza kwa kile kiungo na kusikiliza mlio badala ya kuutafuta kwa ngozi. Ikafanya kazi. Nilipiga tatu nikiwa nimesimama. Lakini nikiwa nimesimama, ndege walionekana wametapakaa chini ya mabega yake. Nilitaka wawe nyuma ya kichwa, wale wekundu, na mvuke. Kwa hivyo nilipiga goti moja, nikainama, tumbo likijikunja, nikaendelea. Nilipiga nyingi. Kwa dakika kama kumi nilisahau kabisa kwamba mimi ni mgonjwa.

Nilipotaka kuinuka nikahisi joto likishuka kwenye paja.

Mwenye mfuko anajua. Kwa asiyejua nitasema tu kwamba kibandiko kilikuwa kimebanduka upande wa chini, na kila kitu kilichokuwa ndani kilikuwa kinaelekea kwenye sketi yangu. Nilikuwa na vifaa kwenye gari, sikuwa mjinga. Lakini nyumbani kazi hiyo ilinichukua nusu saa mbele ya kioo kikubwa cha bafuni, kwa vidole visivyohisi. Hapa hapakuwa na kioo. Tabitha aliinuka kwenye kiti kunisaidia, akakaa tena. Miguu ilikataa.

"Mwite mzee wako," akasema.

"Hapana."

"Basi mimi nitamwita." Na akamwita, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ya kibeti. "Baba Nekesa. Njoo. Mama anakuhitaji."

Alikuja akitembea haraka. Aliniangalia usoni, kisha chini kwenye sketi. Nilimwona akielewa. Nilingoja ageuke.

"Vitu viko wapi?" akauliza.

"Begi la kijani. Nyuma."

Tulisimama kati ya mlango wa gari uliofunguliwa na boma la leso ambayo Tabitha, akiwa ameketi kwenye kiti chake tulichomsogezea, aliishikilia kwa mikono miwili iliyoinuliwa. Alikuwa amegeuza uso kuelekea ziwani. Nilifungua sketi. Baba Nekesa alichuchumaa mbele yangu akiwa na kitambaa na chupa ya maji mkononi, na hakufanya kitu. Mikono yake, ambayo hufungua mashine nzima na kuirudisha, ilibaki hewani.

"Nitakuumiza," akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Kidonda."

"Siyo kidonda, Baba Nekesa."

"Ni pekundu."

"Ndivyo ulivyo. Ni utumbo. Hauumi."

"Hauumi?"

"Hata ukiugusa. Hauna maumivu kabisa. Ngozi ya pembeni ndiyo inawasha kidogo."

Alibaki amechuchumaa, akitazama. "Kila ukiingia bafuni," akasema polepole, "mimi nilidhani unasafisha kidonda kibichi. Miezi mitano. Nilikuwa nangoja kusikia unalia. Nikawa naweka redio, kwa sababu singeweza kusikia hiyo."

Upande wa pili, leso iliinuliwa juu zaidi. Tabitha alikuwa na akili.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikamwambia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alimwaga maji kwenye kitambaa, kwanza akayapasha kwa viganja vyake, akaanza kusafisha. Nilimwelekeza. Kausha vizuri. Kata tundu, hapo kwenye mstari. Hapana, dogo zaidi. Sasa anza chini, panda juu. Bonyeza. Aliweka kiganja chake kizima juu ya mfuko mpya ili gundi ipate joto, kama nesi alivyofundisha, na hakukitoa mpaka nilipomwambia kwamba inatosha. Nilipoangalia saa baadaye, nikaona ilimchukua dakika nane. Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza kwa dakika nane.

"Mkono umechoka," Tabitha akasema. Tukamwambia aishushe leso.

Nilivaa suruali ya akiba. Tukakaa watatu, tukanywa chai ya chupa na mkate, na nikamwonyesha Tabitha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Alizipitia moja moja, akizikataa bila huruma. Hapa nimefumba jicho. Hapa nimekuwa shangazi yangu. Akafika kwenye moja ambapo hakuwa ananitazama, alikuwa ametazama kando, kidevu juu, na nyuma ya kofia ya zambarau kulikuwa na wekundu mtupu.

"Hii," akasema. "Hapa nafanana na mtu anayekwenda mahali."

Tulimrudisha kwa binti yake. Tulipobaki wawili ndani ya gari, karibu na njia ya kuingilia mtaani kwetu, nilimwambia Baba Nekesa juu ya ya sita. Hakuzima gari wala hakupunguza mwendo.

"Ni lini?"

"Jumatano, siyo hii inayokuja, ile inayofuata."

"Nitaomba ruhusa kazini."

"Nimesema sitaki kwenda."

"Nimesikia. Ukiamua hatuendi, nitakuwa nimepata ruhusa, tutakaa nyumbani." Akaingia mtaani, akapisha pikipiki, akasema, "Lakini daktari umemwambia habari ya vidole?"

Sikuwa nimemwambia. Jumatano hiyo nilikwenda kwa ajili ya kumwambia hilo tu, au ndivyo nilivyojiambia. Baba Nekesa hakubaki garini kama siku nyingine. Aliingia, akaketi kwenye benchi ya chuma, akanipa koti lake nikalie. Daktari alinisikiliza, akaniambia nifunge vifungo vya blauzi yangu mbele yake, akaona ninavyohangaika. "Mama, hii ilikuwa ya kuniambia tangu ya nne," akasema, bila ukali. Aliipunguza ile dawa inayokula neva, na baada ya ya sita akaiondoa kabisa na kuendelea na nyingine peke yake. Wiki tatu nilikuwa nimebeba uamuzi mzito ambao nusu yake ilikuwa ni swali ambalo sikuliuliza. Kama una vidole vya namna hiyo, sema. Kama kuna mtu nyumbani anayeweka redio, muulize anasikia nini.

Jioni ya siku tuliyotoka ziwani, Baba Nekesa alirudisha blanketi lake. Alilikunja upande wake wa kitanda, kama mtu aliyekuwa amesafiri.

Tabitha alifariki mwezi wa kumi na moja, mvua fupi zikinyesha, kati ya kemo yangu ya saba na ya nane. Tulikwenda Kuresoi kumzika. Barabara ilikuwa tope na gari tuliliacha sokoni. Picha ile ilikuwa imebandikwa kwenye jeneza na kuchapwa kwenye kila karatasi ya ibada, na nilisikia mama mmoja nyuma yangu akimwuliza mwenzake hapo ni wapi, kama ni Ulaya. Binti yake aliniambia kwamba Tabitha aliitundika chumbani wiki zake za mwisho, na wageni wakimuuliza anaendeleaje, aliwaonyesha hiyo badala ya kujibu. Nilisimama kwenye shamba lake la viazi, majani yakiwa mabichi na maji yakitiririka kati ya matuta, na sikulia. Nililia wiki tatu baadaye nikiwa dukani nanunua soksi za sufu.

Ya nane iliisha kama zile nyingine. Nesi alichomoa sindano, akabandika pamba, akasema, "Haya, Mama, tumemaliza." Watu wengine waliendelea kusubiri. Nilifungua studio mwezi wa pili. Ncha za vidole bado zina ganzi hadi leo, na bado nabonyeza kwa kiungo cha kidole gumba. Wateja hudhani ni mtindo.

Kiangazi kilipokuwa kimekauka kabisa, vumbi likitanda juu ya mji, nilipasuliwa tena na utumbo ukarudishwa ndani. Nililala hospitali wiki moja, nikisubiri utumbo ukumbuke kazi yake. Ulikumbuka kwa shida, mara mbili, nesi akiwa amesimama nje ya mlango. Kisha nikaruhusiwa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani niliamka na mkono ukaenda wenyewe tumboni kutafuta mfuko. Palikuwa na bandeji tu. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa kama mtu mwingine yeyote. Nilikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikuwa naomba, wala sikuwa nawaza kitu kikubwa. Nilikuwa nimekaa tu.

Baba Nekesa akagonga.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Kitasa kikacheza kidogo.

"Basi toka," akasema. "Na mimi nataka kuingia."